Diski ya yaya na matanga bila maiti

"Huyu anachapwa na nani?"

Mama aliuliza vile mara ya kwanza alisikiliza diski ya yaya, kaka yangu mukubwa, mpaka mwisho. Alikuwa amekaa kwa kiti cha papa, mikono bado iko na unga wa muhogo, kichwa kimeinama upande moja sawa mutu mwenye anasikiliza majirani wanagombana nyuma ya ukuta. Nikamwambia hakuna mwenye anamuchapa, anaimba. Mama akasikiliza tena kidogo. Akasema basi, kama si kuchapwa, huyu mutoto iko na kitu inamuuma, na mama yake haiko karibu.

Ile diski nilikuwa naisikiliza tangu yaya aliondoka, kila mara papa iko ku biro, ku kazi, na mimi pia nilikuwa sijui ni nini inamuuma yule mutu. Kiingereza yetu ya ku lise, shule ya sekondari, ni ya kuomba chumvi mezani na kuuliza njia ya kwenda ku treni, na Bukavu haina treni. Mu nyimbo zote nane za ile diski, hakuna hata moja yenye mutu anaomba chumvi.

Yaya aliipata kwa rafiki yake, mutoto wa Mubeleji mwenye alikuwa anafundisha sayansi. Walikuwa wanakaa chini yetu hapa Nguba, karibu kabisa na ziwa. Wakati wa kurudi Ulaya walijaza masanduku, na vitu vyenye havikuingia wakavigawa. Jirani mumoja alipata friji. Yaya alipata diski. Ku bahasha yake kuna wanaume wane wa nywele ndefu, wamevaa ngozi, wamesimama mbele ya ukuta sawa watu wenye walikatazwa kuingia mahali. Nilitafuta sana ni nani kati yao mwenye anaimba. Siku zingine nilisema ni yule wa mbele, mwenye uso wa kugombana. Siku zingine nilisema ni yule wa pembeni, mwenye anaangalia viatu vyake. Ni juu ya sauti: ziko mbili. Kuna nyimbo zenye gitaa zinanguruma sawa kamio ya kutoka Kamanyola yenye inapanda mulima, muchele ndani na watu juu ya muchele, na mwanaume anapiga kelele mpaka ni shingo yako wewe inauma. Halafu, bila kuomba ruhusa, gitaa moja tu inabaki, na mwanaume anaimba polepole, sawa anaongea na mutu mwenye alifunga mulango na hapendi kufungua. Nikageuza bahasha, nikasoma: mwimbaji mumoja. Ni yuleyule. Ile ilinichanganya kuliko Kiingereza. Mimi sauti yangu ni moja, na hata hiyo ni kidogo. Ku klasi mwalimu, mwenye anatuita citoyenne sawa serikali inataka, anasemaka: midomo tunaiona, citoyenne, sauti uliacha nyumbani?

Papa, yeye, alijua sauti moja tu ya ile diski. Alikuwa anaisikia akitoka kazini, angali ku barabara, na nyimbo za polepole hazifikake ku barabara. Zenye zinafika ni zile zingine. Papa ni mutu wa biro, abakosti yake, ile koti ya serikali, inafungwa mpaka ku shingo hata wakati wa jua kali, na mambo ya kigeni yanamutia woga kuliko ugonjwa, juu ya vile ku biro kuna watu wenye kazi yao ni kuangalia nani anaishi sawa Muzairwa na nani anaishi sawa Muzungu. Nywele za yaya zilikuwa zinaanza kufunika masikio. Siku moja ya vakansi kubwa, likizo ndefu ya shule, mukubwa wake wa kazi alimusindikiza mpaka ku kona yetu, na pale pale yaya aliweka wimbo wa kwanza, ule wenye unaanza na kelele mbele ya gitaa. Mukubwa akasimama, akauliza: "Citoyen, kwako munachinja nguruwe?"

Papa aliingia na uso wa mutu mwenye walimuvua nguo ku soko. Hakupiga mutu. Alizima mashini ya diski, akakohoa, na akasema yenye alisema, mbele ya mama na mbele yangu: ile diski iende mu ziwa, ama yaya aende. Yaya alijibu kwamba diski haijamukosea papa kitu. Hapo ndipo papa alitoa lile neno. "Siku utaingia tena mu nyumba yangu, ile diski ikuwe mu ziwa. Ni mimi nasema."

Yaya akaenda kukaa Kadutu, kwa mujomba. Diski aliiacha juu ya vile mujomba iko tu na radio, tena ya mawe, ya betri. Mimi niliiweka chini ya matela yangu, pale ninalala.

Kwetu, neno la papa likisha kutoka mbele ya watoto, haliwezi kurudi mu kinywa. Hata yeye mwenyewe hawezi kulirudisha. Nilimuona mara nyingi anasimama ku mulango wa chumba cha yaya, anashika mulango sawa anapima mbao, halafu anaenda. Na mimi nilikuwa katikati. Kama yaya anarudi, diski inaenda mu maji. Kama diski inabaki, yaya anabaki Kadutu. Nilikuwa nasali yaya arudi, na katikati ya sala wimbo wa polepole ulikuwa unaingia mu kichwa, na nilikuwa sijui tena ninaomba nini. Kila siku ya posho, mwisho wa wiki, mama alinituma nimupelekee sambaza za kukausha, zile samaki ndogo za ziwa. Nilikuwa napanda mpaka Kadutu, jasho mpaka mu viatu, na yaya alikuwa anauliza kwanza mama iko namna gani, nyuma yake diski iko namna gani. Juu ya papa hakuuliza hata siku moja.

Sasa shirika. Nyumba za Wakatoliki wa aveni, njia yetu, zinafanya shirika moja, na kila wiki tunasali kwa mutu moja, tunazunguka. Siku ya kwenu inakuta umefagia mpaka nyuma ya kabati. Tunasoma Injili, nyuma yake kunakuwa ukimya, kila mutu anafunga macho, na nyumba zenye ziko na mashini zinaweka diski ya kwaya, polepole, ili watu wafikiri. Diski ya kwaya tuko nayo. Lakini wiki ile, akiwa anachagua maharagi ku barza, mama aliniambia bila kuinua macho:

"Wewe utaweka ile ya mulango."

Mimi ndiye nilikuwa nimemwambia inafanana na mutu mbele ya mulango wenye umefungwa. Ni wimbo wa pili wa upande wa nyuma. Nikasema: mama, papa atasikia. Akasema papa haijui ile, papa anajuaka ya nguruwe tu. Nikasema: mama, lakini wimbo wenye unafuata. Akatupa jiwe moja lenye lilikuwa mu maharagi.

"Utainua sindano mbele ule ufike. Uko na mikono. Nataka mutoto wangu naye asali na siye, hata mu diski."

Walikuja wengi, juu kulikuwa kumenyesha asubuhi na saa kumi jua lilitoka. Watu walijaza saloni, chumba cha wageni, mpaka ku korido. Mukubwa wa shirika, muzee mwenye alifundisha shule zamani na bado anaongea sawa ubao uko nyuma yake, alikaa karibu na papa. Koko mumoja, muzee sana, wa nyumba ya tatu, mwenye alizaliwa Nyangezi na alizika watu wengi sana, walimukalisha ku fotei karibu na mashini ya diski, juu masikio yake yamekufa karibu yote na tulifikiri pale atasikia kidogo. Kufika ku Injili alikuwa amelala.

Muzee akasema tufunge macho. Nikaweka sindano. Ilishuka mahali pake, kati ya wimbo wa kwanza na wa pili. Gitaa ikaanza. Hapo mama mumoja akaniambia na kidole nitoke mbele, namufunika, na mimi, juu ya haya, nikatoka. Nikarudi nyuma mpaka ku mulango wa korido. Watu walirudisha magoti yao mahali nilipita, sawa maji yenye yanajifunga.

Ule wimbo, mu nyumba yenye watu wote wamenyamaza, sijawahi kuusikia vile. Mutu alikuwa anaongea na mulango wake, na aveni yetu yote, macho imefungwa, ilikuwa inamusikiliza. Mama midomo yake ilikuwa inatembea. Muzee wa shirika aliuliza papa polepole hii ni kwaya ya wapi, na papa akajibu, na nilisikia kiburi kidogo mu sauti yake: "Ya Ulaya."

Mimi nilikuwa najua mahali wimbo unaishia. Kuna gitaa ya mwisho, inalia, inabaki mu hewa, na mbele haijazimika bado ngoma za wimbo wa tatu zinaingia. Nilipaswa kupita. Kupita ni kusema pardon kwa kila goti, na watu wote wanafungua macho, na wote wananiangalia. Niliambia muguu wangu uende. Muguu ulikataa. Niliuambia tena.

Ngoma zikaingia.

Kelele ya ule mutu, ile ya kwanza, ni ndefu. Koko aliamuka mu ile kelele. Wala hakutafuta inatoka wapi. Mwanaume analia vile, mu nyumba yenye imejaa watu wenye wameinamisha vichwa: alielewa yenye mutu yeyote wa umri wake angeelewa. Akaweka mikono ku kichwa na akaanza, yoo, yoo weee, na sauti yenye sikujua kama inaweza kutoka mu kifua kidogo namna ile.

Kwetu mutu analia kwanza, anauliza jina nyuma. Hauwezi kuacha muzee analia pekee yake, ni kumutukana yeye na maiti wake. Mama mwenye alikuwa karibu naye akamushika bega na akajiunga. Mwingine akavua kitambaa cha kichwa, akakifunga ku kiuno. Niliwaona wanaulizana na macho: nani? nani? na wanaendelea kulia. Papa alisimama, anasema hapana, ni diski, ni diski, lakini gitaa zilimumeza. Nyuma ya yale, muguu wangu ulikubali. Nilipita juu ya vidole vya watu, nikainua sindano. Nilifanya vibaya kuliko mwanzo. Muziki ulinyamaza na kilio kikabaki safi, kikatoka mu madirisha na kikashuka aveni yote.

Majirani walifika mbele ya sisi kumaliza kumuelezea koko. Waprotestanti wa ngambo walikuja na makala ya kuwasha moto. Mama wa nyumba ya kona alikuja na sufuria yote ya maharagi yenye alikuwa amepikia watoto wake. Muzee wa shirika alisimama ku mulango wa lupango, kiwanja chetu, na kuwaambia hakuna mwenye alikufa. Lakini kila mutu anajua vile tunafanyaka: mutu akikufa, hatusemi. Tunasema hakuna kitu, anagonjwa kidogo, mpaka watoto wenye wako mbali wafike. Sasa kadiri muzee alisema hakuna maiti, watu walitingisha kichwa na kumupa pole. Baba mumoja alimuambia, tunaelewa, mwalimu, na akaenda kutafuta viti.

Papa walimukalisha ku barza. Wanaume wakamuzunguka, wamenyamaza, sawa inavyofaa. Kila mara alijaribu kueleza, mutu mumoja alimushika goti: "Acha kuongea, citoyen. Maneno yatakuja nyuma."

Mu ile fujo hakuna mwenye alifikiri Kadutu. Habari yenyewe ilifikiri. Mutu wa baiskeli mwenye alipita ku aveni yetu alifika kule juu mbele jua halijashuka, na alimukuta mujomba ku kibanda cha nyama. Alimuambia hivi: kwa shemeji yako Nguba kuna matanga, na wanakataa kusema ni nani.

Nilikuwa karibu na lupango wakati yaya alifika. Alikuwa amekimbia ile njia yote. Kandambili moja ilikuwa imekatika, aliishika mu mukono, sijui kwa nini hakuitupa. Watu wakamufungulia njia, nywele zake ndefu na yote, sawa wanamufungulia mutoto wa nyumba. Ku barza migongo ya wanaume ilikuwa inafunika papa. Yaya aliona barza imejaa, aliona kiti cha papa hakionekani. Akapiga kelele.

"Papa!"

Na sauti ilipasuka mahali palepale inapasukaka mu diski. Nilishika ukuta. Ilikuwa ile sauti kabisa. Nilikuwa nimetafuta ku bahasha, nimetafuta mu kamusi ya ku lise, na ilikuwa pale, mu kinywa cha yaya, na neno lilikuwa moja tu.

Migongo ikafunguka. Papa alikuwa amesimama, muzima, na glasi ya maji yenye walimulazimisha kunywa. Waliangaliana. Yaya aliangalia mama ku mulango, akaniangalia mimi, akarudi kwa papa. Alikuwa anatuhesabu.

"Nani?" aliuliza.

"Hakuna."

"Papa, muniambie."

"Hakuna mwenye alikufa. Ni ile diski yako ndiyo ililiza batu."

Yaya alikaa chini, ku udongo wenye ulikuwa bado na maji ya asubuhi. Mabega yake yalikuwa yanaruka. Sikujua kama anacheka ama analia, na nafikiri hata yeye. Papa alishuka ngazi ya barza. Alisimama mbele yake.

"Ulifikiri ni mimi?"

Papa alivua miwani, akaipangusa ku abakosti, akaivaa tena, na ilikuwa chafu kuliko mbele.

"Ingia ukule," alisema. "Batu balileta maharagi."

Na tulikula, juu mama wa kona alikataa sufuria yake irudi. Chakula chenye kiliingia mu nyumba ya matanga hakitoki, alisema, hata kama matanga yenyewe ni ya uongo. Mukinirudishia munarudisha kifo kwangu. Muzee wa shirika akamaliza sala yenye ilikuwa imekatika, na akashukuru Mungu kwa ajili ya yule mwenye hakufa. Koko alikula vizuri. Mara mbili aliniuliza polepole marehemu alikuwa mutoto wa nani. Mara ya pili nilimuambia alikuwa mutu wa mbali. Akasema pole.

Asubuhi yake yaya alikuwa mezani, na lile neno lilikuwa mezani pia. Alikuwa ameingia mu nyumba. Diski haikuwa mu ziwa. Papa alikunywa chai na hakuongea, na nilielewa kwamba hataongea: hawezi kusema itupwe, hawezi kusema iachwe. Yaya ndiye alisema. Aliniambia: leta. Nilikuwa na furaha ya kumuona pale, mukate mu kinywa, na wakati ule ule nilitaka arudi Kadutu mbio. Sijui mutu anafanya namna gani na vitu viwili vile mu tumbo moja.

Ni mama alienda ku chumba changu. Nilimufuata. Alitoa diski mu bahasha yake, akaishika na kikwembe ili vidole visiiguse, akatoa diski ya kwaya mu bahasha ya kwaya, na akaingiza ile ya yaya mahali pake. Diski ya kwaya akaifunga mu gazeti. Bahasha yenye wanaume wane, tupu, akamupa yaya.

"Papa yako anaijuaka kwa zile sura," alisema.

Tulishuka ku ziwa, yaya na mimi. Kutoka ku barza yetu maji yanaonekana vizuri, na papa alikuwa kule na kikombe chake. Yaya alitupa bahasha mbali sana, na mukono wote. Haikuzama. Ilianguka sura juu, na wale wanaume wane walianza kuondoka polepole, wamelala mugongo, upepo unawapeleka upande wa Rwanda. Wa pembeni alikuwa bado anaangalia viatu vyake. Tulirudi. Papa alikuwa ameangalia mpaka mwisho. Alifunga kifungo cha shingo, akaenda ku biro.

Sijui kama siku ile alijua. Papa anajua kusoma, na katikati ya diski kumeandikwa. Lakini kutoka ku barza mpaka ku maji ni mbali. Nilitaka kuuliza yaya, na yaya sasa anaenda na rafiki zake kusikiliza rumba ku Kadutu, nywele amekata bila mutu kumulazimisha, na nikimuongelea diski anasema ah, ile. Ile. Niliiweka chini ya matela yangu vakansi yote, na yeye anasema ile.

Siku ya Mungu yenye ilipita, nyuma ya misa, papa aliomba diski ya kwaya. Nikasimama, akasema kaa, nitaweka mwenyewe. Aliitoa mu bahasha. Aliigeuza, akaangalia katikati wakati murefu. Akaiweka upande wa nyuma, na sindano hakuiweka mwanzo. Aliinama, miwani karibu inagusa mashini, na akaishusha kati ya wimbo wa kwanza na wa pili.

Gitaa ikaanza. Hakuna mwenye aliinua macho ku sahani yake. Papa alirudi ku kiti, akachukua bugali, akaufinyanga. Nilijua mahali wimbo unaishia na nilikuwa karibu na mashini, hakuna hata goti moja lenye linanifunga njia. Nilimuangalia papa. Aliendelea kula. Nilikaa, sindano iende mpaka ku ngoma.

Mama ndiye alisimama. Alipangusa mikono, akatoka inje, na nilimusikia ku lupango anaita mama wa kona, na sauti ya mutu mwenye anaomba moto:

"Mukae, mama. Ni diski tu. Hakuna mwenye alikufa."